Vitanda vya Mkoroshoni

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani nikaikosa, na kila aliyeniuliza kama ni ile anayoidhania nimemjibu kwamba yeye ndiye aliyesema, mimi sijasema kitu. Basi tukubaliane hivyo, tuendelee.

Nchi hiyo ilikuwa na rais aliyeitwa Mtukufu. Jina lake jingine lilisahaulika kwa kukosa matumizi. Siku moja Mtukufu alialikwa ng'ambo kwenye mkutano wa wakubwa, akapanda jukwaani kushukuru kwa fanicha zilizotolewa msaada kwa shule za nchi yake, fanicha ambazo wakati huo zilikuwa zimetulia sebuleni kwa shemeji yake. Akalitamka neno hilo kwa Kiingereza, na kwa kuwa fanicha zilikuwa nyingi, akalitia wingi. Kiingereza, kwa sababu zake chenyewe, hakitaki neno hilo litiwe wingi. Bibi mmoja wa safu ya mbele akauma mdomo asicheke. Mtukufu alimwona. Akababaika, na kabla hajapata pa kushika, mwenyekiti akagonga meza kwamba muda umekwisha.

Alirudi nyumbani akajifungia ndani. Watu walidhani anaifikiria njaa ya kaskazini, maana mwaka ule huko walikuwa wanachemsha mizizi. Alipotoka alitangaza redioni kwamba amegundua kinachoirudisha nchi nyuma. Si njaa, wala barabara, wala dawa. Ni wananchi kuchanganya kimoja na vingi wanapozungumza Kiingereza.

Ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Umoja na Wingi, na wizara yake, na magari ya wizara yake. Mwananchi akifika kwenye dirisha lolote la serikali, shida yake aieleze kwa Kiingereza. Kando ya dirisha atakaa Msikilizaji mwenye kipenga. Mwananchi akitaja kimoja kana kwamba ni vingi, au vingi kana kwamba ni kimoja, kipenga kinalia naye anaanza upya, tangu salamu. Akimaliza bila kosa, Msikilizaji anampigia makofi. Kisha Mtukufu, akiikumbuka ile meza iliyogongwa, akaongeza kifungu kwa mkono wake mwenyewe: anayesema sahihi asikatizwe na mtu yeyote, awe nani, mpaka anyamaze mwenyewe. Bunge likakipigia makofi likiwa limesimama. Nawaomba mkikumbuke kifungu hicho, kwa sababu waliokipitisha walikisahau siku hiyo hiyo.

*

Katika mji mdogo uitwao Mkoroshoni aliishi mama mmoja mkaanga maandazi, jina lake Sikudhani. Alikuwa mjane mwenye sauti kubwa, ndiye aliyeongoza nyimbo kwenye kila harusi ya mji, na alikuwa na binti wawili, Tausi na Mashavu.

Kiingereza alikijua kama kila mtu wa Mkoroshoni alivyokijua, yaani kwa kuitikia. Shule yao ilikuwa na mwalimu mmoja na fimbo moja. Mwalimu alionyesha kikombe kwa fimbo, mtoto mwenye sauti akatangulia kusema, na darasa zima likapokea kwa pamoja, kwa mahadhi yale yale ya kuvuta mwisho. Aliyetangulia akikosea, darasa zima lilikosea naye kwa furaha. Wakawa watu wazima hivyo. Mpaka leo ukimpa mtu wa Mkoroshoni Kiingereza akiwa peke yake, anageuka nyuma kutazama wenzake wako wapi.

Kulikuwa na jambo jingine. Watu wa Mkoroshoni hawasemi "mtoto wangu." Mtu akiwa na mmoja, akiwa na saba, husema "watoto." Mwenye mmoja tu ndiye anayejitahidi zaidi. Wanaamini jicho baya likisikia mtoto ametajwa peke yake linajua pa kutua, lakini likisikia wengi linachanganyikiwa, linakwenda zake. Mnaweza kucheka. Waziri wa wizara ile alicheka sana alipoelezwa.

Mwaka mmoja kabla ya haya ninayokuja kuyasimulia, Tausi alishikwa na uchungu wa kuzaa, wakampeleka zahanati. Zahanati ya Mkoroshoni ilikuwa na vyumba vitatu na haikuwa na kitanda. Nesi Adela, mkunga pekee aliyekuwapo, alitandika khanga kwenye sakafu ya saruji akamlaza hapo. Mtoto alitoka amekufa, na damu ya Tausi haikukatika. Nesi akamtuma Sikudhani kwenye dirisha la dawa akaombe sindano ya kuzuia damu, maana kabati la dawa halifunguliwi mpaka Msikilizaji akubali.

Msikilizaji wa Mkoroshoni, Bwana Fumbwe, hakuwa mtu mbaya. Kila mtu husema hivyo kuhusu watu kama yeye, nami naona niseme ili nisionekane nina chuki. Alikuwa amepiga pasi shati lake. Sikudhani akaanza kueleza kwa Kiingereza kwamba watoto wake wanatoka damu. Bwana Fumbwe akachungulia mlangoni, akaona anayetoka damu ni mmoja, akapuliza kipenga.

"Anza upya, mama," alisema. "Tangu salamu."

Sikudhani akaanza upya. Ulimi ukakataa. Tangu Tausi azaliwe hakuwahi kumtaja peke yake, na ile haikuwa saa ya kujaribu. Akasema tena watoto. Kipenga kikalia tena.

"Bwana Fumbwe, unamwona, yuko pale, unamwona kwa macho yako."

"Namwona. Ndiyo maana nakusahihisha."

Mara ya tatu alifumba macho akamtaja mtoto wake, mmoja, peke yake, kwa Kiingereza kilichonyooka. Bwana Fumbwe akatabasamu, akasimama, akampigia makofi kama sheria inavyotaka, kisha akalifungua kabati. Nesi Adela alikuwa amekwisha kuifunika sura ya Tausi kwa ncha ya khanga. Sikudhani alisimama pale na sindano mkononi. Alimtaja mmoja, akabaki na mmoja.

Nasimulia haya kwa utulivu kwa sababu nimeambiwa hadithi za aina hii husimuliwa kwa utulivu. Sina utulivu wowote.

*

Sasa ilikuwa zamu ya Mashavu. Tumbo lilikuwa limeshuka, miguu imevimba, na kila Sikudhani alipoipita zahanati alikuwa akiitazama ile sakafu kupitia mlangoni.

Ndipo ikaja habari kwamba Waziri wa Umoja na Wingi, Mheshimiwa Mbwembwe, anakuja Mkoroshoni kuzindua wodi za wazazi. Mkuu wa Wilaya, Bwana Mahepe, alifika siku chache kabla kupaka chokaa. Alipaka mawe, alipaka mashina ya miti, alimpaka mbuzi mmoja aliyekawia kuondoka. Kisha akamwita Sikudhani.

"Mama, nasikia una sauti," alisema. "Mheshimiwa hapendi hotuba za wananchi. Anapenda kuonyesha kitu kwa fimbo na wananchi waseme, kama darasani. Wewe utatangulia, wanawake watapokea. Akionyesha kitanda, mtasema *These are beds*."

"Kitanda hicho kiko wapi, mzee?"

"Kinakuja."

"Vinakuja vingapi?"

Bwana Mahepe akamtazama kwa huruma. "Mama, umesoma mpaka darasa gani? Ripoti inasema vitanda. Mtukufu ameisoma ripoti. Waliotoa fedha wameisoma ripoti. Unataka kusema Mtukufu hajui wingi?"

Sikudhani hakuwa akifikiria ripoti. "Nitatangulia," alisema. "Lakini mwanangu Mashavu akishikwa uchungu, azalie kwenye kitanda hicho. Asiguse sakafu. Hilo tu."

Mnaona, alimtaja peke yake. Baada ya Tausi aliona jicho baya limekwisha kujua pa kutua, halina jingine la kujua.

Bwana Mahepe alifurahi. Kitanda chenye mama mjamzito juu yake kingependeza kwenye picha kuliko kitanda kitupu. Akampa mkono, akaapa kwa jina la Mtukufu, na Sikudhani akaenda kuwakusanya wanawake wa mji wafanye mazoezi.

*

Kitanda kilifika asubuhi ya uzinduzi kwenye pikapu, kimefunikwa turubai. Kilikuwa kitanda kizuri kweli, cha chuma kinachong'aa, chenye magurudumu na godoro la buluu ambalo nailoni yake haijatolewa. Kiliandamana na mgambo wanne na furushi la mashuka ya rangi mbalimbali. Nesi Adela alipouliza mashuka mengi ya nini, mgambo mmoja akamweleza bila kuficha, kama mtu anavyoeleza kazi yake. Kitanda hicho kilikuwa kimezindua zahanati zote za wilaya zilizokwisha kufikiwa. Mheshimiwa akikitazama chumba cha kwanza, anatolewa kwenda kunywa soda na kutumbuizwa kwa ngoma. Ngoma ikipigwa, kitanda kinatolewa kwa mlango wa nyuma, kinaingizwa chumba cha pili, kinabadilishwa shuka. Hivyo hivyo mpaka vyumba viishe. Halafu kinapakiwa kwenye pikapu na kuuwahi msafara kwenye zahanati inayofuata.

"Na Waziri hajui?" aliuliza Nesi.

Mgambo alicheka. Na sisi tusimvunjie Waziri heshima kwa kudhani hajui.

Mashavu alishikwa na uchungu jua lilipopanda. Wakamlaza kitandani chumba cha kwanza, juu ya shuka jeupe, na Nesi Adela akanawa mikono. Sikudhani alimfuta jasho binti yake, akatoka kwenda kujipanga na wanawake uani. Alikuwa ameridhika. Kitanda kipo, mwanawe yuko juu yake, yamebaki maneno tu.

Waziri akashuka garini. Alikuwa mtu mpana mwenye fimbo ya mpingo, na nyuma yake walishuka Wasikilizaji wa wilaya nzima, Bwana Fumbwe akiwamo, vipenga shingoni.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Mbwembwe kwenye kipaza sauti, "nchi zilizoendelea ziliendelea kwa kujua tofauti ya kimoja na vingi. Mwingereza hakutawala dunia kwa bunduki. Alitawala kwa nauni. Leo Mtukufu amewaletea ninyi, watu wa Mkoroshoni, wingi. Mlikuwa watu wa kimoja kimoja. Angalieni mlivyokuwa wanyonge. Kuanzia leo ninyi ni watu wa vingi, na atakayeugua ndani ya wingi huu atakuwa ameugua kwa ukaidi wake mwenyewe."

Makofi. Akaingia chumba cha kwanza, akanyoosha fimbo. Uani, mbele ya dirisha lililo wazi, Sikudhani akavuta pumzi.

"*These are beds*," alitangulia, na wanawake wote wakapokea, wakivuta mwisho kama zamani darasani. Vipenga vilinyamaza.

Waziri akaenda kunywa soda. Ngoma ikalia. Mgambo wakaingia kuchukua kitanda, wakamkuta Mashavu juu yake anakunja na kukunjua vidole vya miguu. Wakamtazama Bwana Mahepe.

"Twende naye," alisema Mahepe.

Wakamtoa nje naye juani, kitanda kikiruka kwenye mawe yaliyopakwa chokaa, Nesi akikimbia pembeni ameshika mkono wake. Chumba cha pili wakamtupia shuka la maua. Waziri akaja, akanyoosha fimbo, wanawake wakaitikia vitanda. Mheshimiwa akamtazama Mashavu, akamwambia mpiga picha kwamba wagonjwa nao ni wengi, huduma inapendwa. Chumba cha tatu wakamwekea shuka la kijani. Mashavu alikuwa amekishika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili, anauma ncha ya shuka la maua alilokataa kuliachia. Kwa hesabu ya serikali alikuwa wazazi watatu, na kila mmoja wao alikuwa anaumwa.

"Kichwa kimeanza kuonekana," alisema Nesi Adela.

Bwana Mahepe alitazama saa. Msafara ulikuwa unapiga honi. "Basi mshusheni," aliwaambia mgambo. "Kitanda kinatakiwa njiani kabla ya Mheshimiwa."

"Nimshushe wapi?" aliuliza Nesi.

"Chini. Sakafu imepigwa deki."

Sikudhani aliyasikia hayo kupitia dirishani. Akaitazama sakafu. Ilikuwa kweli imepigwa deki, ilikuwa inameremeta, na palikuwa pale pale alipofia Tausi.

"Mzee, uliapa," alisema.

"Niliapa azalie kitandani. Angewahi."

*

Waziri alikuwa amesimama uani kwa picha ya mwisho, fimbo mkononi, akisubiri aitikiwe kwa jumla ili aondoke. Akainyoosha fimbo kuelekea zahanati, akamkazia macho Sikudhani. Sikudhani hakuanza. Wanawake wakageuka kumtazama, kama walivyogeuka maisha yao yote kumtazama aliyetangulia. Fimbo ikatikiswa hewani.

"*This is a bed*," alisema Sikudhani.

Na wanawake wa Mkoroshoni, ambao tangu utoto hawajawahi kumwacha aliyetangulia aende peke yake, wakapokea kwa sauti moja, wakavuta mwisho: *This is a bed*.

Wasikilizaji walikuwa wamejaza mashavu hewa. Wakatafuta kosa. Walitazama kitanda, wakasikiliza tena, wakatazama kitanda. Kosa halikuwepo. Hewa ikawatoka taratibu.

"*This is a bed*," alirudia. Wakapokea.

"Nyamazeni," alisema Waziri.

Kipenga kikalia. Kilikuwa cha Bwana Fumbwe. Sijui kama alifikiri. Nadhani alifanya tu alichofundishwa: anayesema sahihi asikatizwe na mtu yeyote, awe nani. Waziri akamgeukia mdomo wazi, akaanza kusema neno, na vipenga vya wilaya nzima vikalia kwa pamoja, maana Msikilizaji mmoja akipuliza, wengine huona aibu kubaki nyuma. Bwana Mahepe akafungua mdomo kuamuru Mashavu ashushwe kitandani. Akapulizwa. Akajaribu kunong'ona. Akapulizwa sikioni. Nao mgambo, mikono ikiwa tayari kwenye chuma, walisubiri, kwa sababu mgambo wa nchi ile hawajawahi kufanya jambo bila kuamriwa, liwe baya au zuri.

Sikudhani akaelewa kwamba maadamu anasema sahihi, kitanda hakiendi popote. Basi akasema. Alisema hiki ni kitanda. Alisema hii ni sakafu. Alisema huyu ni waziri, hii ni fimbo, haya ni mawe, huyu ni mbuzi, na kila kimoja akakitaja kimoja, na kila vingi akavitaja vingi, na wanawake wakapokea mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Kila alipoishiwa alirudi kwenye kitanda. Hajawahi kukichukia kitu kama alivyokichukia Kiingereza kile, na hakukosea hata neno. Waziri alisimama juani, jasho likimtiririka, anasikiliza sheria yake.

Kisha kikasikika kilio chembamba kutoka dirishani. Nesi Adela alitokeza kichwa.

"Mzima," alisema. "Wote wazima."

Sikudhani akanyamaza.

Papo hapo Waziri akaamuru. Mashavu na mtoto wake waliwekwa sakafuni, kitanda kikatolewa, shuka jipya likatandikwa juu ya damu, na pikapu ikaondoka kwa vumbi kwenda kuzindua zahanati nyingine. Jioni redio ilitangaza kwamba akina mama wa Mkoroshoni wamejifungua salama kwenye vitanda vya kisasa, na kwamba walimshangilia Waziri muda mrefu kuliko ilivyopangwa.

*

Sikudhani alikamatwa asubuhi, karai la maandazi likiwa bado motoni. Mashtaka yalikuwa kutumia umoja bila kibali mahali palipotengwa kwa ajili ya wingi. Bwana Mahepe alimweleza kwamba serikali ina huruma: aende dirishani aombe radhi kwa Kiingereza, aseme kwamba vitanda alivyoviona vilikuwa vingi, atarudi kwa wajukuu zake. Akikataa, atapelekwa mkoani, na huko hakuna anayejua watu hurudije.

Wakampeleka zahanati, dirisha lile lile la dawa. Bwana Fumbwe alikuwa amepiga pasi shati. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi, na Mashavu alikuwa amelala pale sakafuni, mtoto kifuani, akimtazama mama yake. Bwana Fumbwe alikiweka kipenga mdomoni, macho hakuyanyanyua.

Sikudhani hakugeuka nyuma kutafuta wenzake. Alianza tangu salamu. Alimtakia Bwana Fumbwe asubuhi njema. Kisha akamwambia, kwa Kiingereza, taratibu, kila neno mahali pake, kwamba alikuwa na binti wawili, na kwamba sasa ana binti mmoja.

Akanyamaza. Bwana Fumbwe alisubiri. Alitafuta kosa, na nadhani safari hii alilitafuta kwa moyo wote, lakini halikuwepo. Akakitoa kipenga mdomoni, akasimama, akapiga makofi, kama sheria inavyotaka.